Kwa nini utando wa seli hauyeyuki majini?

Umeuliza inakuwaje utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, usiyeyuke ilhali una maji ndani na nje. Sababu ni fosfolipidi zenyewe, yaani molekuli za mafuta zinazouunda. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi za mafuta inayoyakimbia. Zikiwa majini hujipanga safu mbili: vichwa hutazama maji ya pande zote, mikia hujificha katikati. Hakuna anayezipanga, na tundu dogo likitokea hujiziba lenyewe. Unene wote ni kama nanomita 5 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita)!

Ila usiudhanie ukuta mgumu. Fosfolipidi hizo huteleza na kubadilishana nafasi na jirani zake muda wote. Oksijeni hupenya bila shida, lakini ioni za sodiamu (chembe zake zenye chaji ya umeme) lazima zipitie kwenye protini maalumu, na glukosi vilevile. Kolesteroli nayo, pamoja na kusemwa vibaya kote, seli zetu zinaihitaji: kwenye joto huzuia utando usilegee kupita kiasi, kwenye baridi huuzuia usigande. Bakteria wengi hawana kolesteroli; wao baridi ikizidi huongeza fosfolipidi zenye mikia iliyopinda, isiyobanana kirahisi, ili utando usigande.