Droo haiwaki baada ya umeme kukatika: usinunue pawa saplai ya tatu kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una seva ya IBM p5-570 yenye droo mbili za 7311-D20, yaani masanduku ya nyongeza ya diski na kadi. Umeme ulikatika, mkazima seva kwa utaratibu, na mlipoiwasha droo ya pili ikabaki inapepesa taa ya kijani bila kuwaka. Logi inatoa kodi za hitilafu zinazoanza na 1. Umeshabadilisha pawa saplai mbili, na sasa fundi anakwambia uagize bodi ya droo. Tafadhali subiri. Yalinikuta haya haya Dar, na bodi iliyonunuliwa wakati ule haikuhitajika kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo kodi. Kwenye mashine za POWER5, kama hiyo yako, kodi inayoanza na B inahusu zaidi programu ya ndani ya mashine, C ni hatua za kuwaka, na 1 ni upande wa umeme pamoja na SPCN, yaani mtandao wa kudhibiti umeme. Wengi wakiona 1 wanasoma "umeme" na kukimbilia pawa saplai. Wanasahau kwamba seva haiwashi droo kwa kuipelekea umeme. Droo ina waya zake za ukutani. Seva inaitumia amri tu kupitia SPCN, na kwa njia hiyo hiyo inauliza hali ya feni, joto na pawa saplai. Droo isiyopata amri hukaa kwenye hali ya kusubiri, na hiyo taa inayopepesa ndiyo maana yake. Umeme umefika, amri haijafika.

Jambo la pili, usichanganye SPCN na RIO. RIO ni kebo nyingine kati ya seva na droo, inapitisha data za diski na kadi. SPCN ni kebo nyembamba zenye vichwa kama vya kebo za siriali za zamani, vinavyofungwa kwa skrubu mbili ubavuni. Kwa droo mbili unatakiwa uwe na kebo tatu: kutoka seva kwenda droo ya kwanza, ya kwanza kwenda ya pili, na ya pili kurudi seva. Huo ni mzunguko, na ndimo tatizo letu lilimojificha.

Mzunguko ukikatika sehemu moja, hakuna kinachosimama. Seva inaifikia kila droo kwa kupitia upande mwingine. Kwetu kebo ya kurudi ililegea siku mafundi walipoingia nyuma ya raki kubadilisha betri za UPS. Logi iliandika tukio siku hiyo hiyo. Tuliliona, tukalifunga, kwa sababu diski zote zilikuwa hewani na watumiaji hawakulalamika. Miezi mitano baadaye mlango wa nyuma wa raki uliibana kebo ya katikati. Bado mashine ikaendelea kufanya kazi, maana droo ilikuwa imeshawaka na data zinapita RIO. Siku tulipozima na kuwasha ndipo droo ya pili ilipobaki kisiwani, diski zake 12 hazionekani, na sisi tunahesabu pawa saplai. Hadi leo naumia nikikumbuka lile tukio tulilolifunga kwa kubofya mara moja.

Kwa hiyo anza na logi, na usiishie kwenye tukio la leo. Fungua menyu ya huduma, ile ya ASMI inayofunguka kwenye kivinjari, au matukio ya huduma kwenye HMC, ile kompyuta ya kusimamia seva, urudi nyuma miezi kadhaa. Soma na anwani ya kifaa: E ni pawa saplai, A ni feni, P ni bodi, T ni tundu la kebo. Ukiona E1, E2 na feni za droo moja zote zimelalamikiwa ndani ya dakika hiyo hiyo, jiulize kama kweli vyote vimekufa pamoja. Mimi hapo naishuku njia kabla ya vifaa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata bisibisi. Kwenye ASMI washa taa ya utambulisho ya droo ya pili, mtu asimame mbele ya raki aangalie. Ikiwaka, SPCN inafika na sasa una haki ya kushuku pawa saplai. Isipowaka, au droo isipokuwepo hata kwenye orodha, nenda kwenye kebo.

Hapo fanya mashine ikiwa imezimwa. Kumbuka droo iliyo kwenye kusubiri bado ina umeme ndani, kwa hiyo kama utagusa chochote zaidi ya kebo hizo, chomoa waya zake zote mbili za ukutani. Kagua vichwa kwa tochi: ya kwetu ilikuwa na pini moja imelala ubavuni, na huwezi kuiona ukiwa umesimama. Kaza skrubu kwa vidole, zote mbili. Kisha ruka droo ya kwanza: toa kebo nzima unayoiamini kutoka seva moja kwa moja hadi droo ya pili. Ikiwaka, tatizo liko kwenye kebo ya katikati au tundu la droo ya kwanza, na ujue kebo ya kurudi nayo haikuwa ikipitisha. Isipowaka kwa kebo nzima kwenye matundu yake yote mawili, hapo hata mimi nitakubali bodi izungumziwe.

Weka hapa anwani kamili za vifaa kutoka kwenye logi, ficha namba za seriali za mashine, na useme ile taa ya utambulisho ilifanya nini. Niko macho mpaka usiku.