Mtoto alizaliwa mdogo, bibi yake anamtilia sukari kwenye uji

SWALI: Assalam aleikum, Shangazi. Kifungua mimba wangu alizaliwa na kilo 2.1, sasa ana miezi saba. Tunaishi Langoni, Lamu, nyumba moja na mama mkwe. Asubuhi humpikia uji wenye sukari nyingi, jioni humchovyea hamri kwenye chai, "apate mwili". Muuguzi wa kliniki ameniambia mtoto aliyezaliwa mdogo yuko karibu zaidi na kisukari ukubwani. Mtoto mwembamba hivi, kisukari kitampatia wapi? Na nitamwambiaje mkwe wangu, ambaye mwenyewe anameza dawa za sukari, bila ya kumkosea adabu? – Mama Kifungua Mimba

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Muuguzi amekwambia kweli.

Mtoto asipopata chakula cha kutosha tumboni, mwili wake hukigawa kile kidogo kilichopo. Ubongo hupewa kwanza. Kongosho linalotoa insulini, ile inayoidhibiti sukari kwenye damu, na figo, hupata pungufu. Mwili huo huzoea kuweka akiba, kama baharia anayepima maji ya kunywa kwa kata. Akishatoka akakuta sukari na mafuta tele, kongosho lile lile hulemewa. Si kila aliyezaliwa mdogo ataugua, lakini uzito wa kuzaliwa chini ya kilo 2.5 ni jambo la kulitazama.

Aliyelipigania sana jambo hili ni daktari Mwingereza, David Barker. Alifukua daftari za zamani za Hertfordshire, huko Uingereza, ambako watoto walipimwa walipozaliwa na walipotimiza mwaka, kisha akafuatilia walivyozeeka. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliokuwa wadogo zaidi ndio waliokufa zaidi kwa moyo. Baadaye kisukari nacho kikaonekana. Uholanzi hali kadhalika: waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945, walipofika umri wa miaka hamsini hivi, miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri kama wengine.

Angalia lakini: Hertfordshire, hata waliokuwa wepesi walipotimiza mwaka walikuwa hatarini. Kwa hiyo mkwe wako ana haki kutaka mjukuu akue, na usimpunguzie mtoto chakula kwa hofu ya kisukari. Ugomvi wangu ni na sukari. Waingereza waligawiwa sukari kwa kipimo hadi Septemba 1953. Ulipoondolewa mgao, ulaji wake ulikaribia kuwa maradufu. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ukalinganisha waliozaliwa kabla na baada. Waliokulia kwenye mgao tangu tumboni hadi karibu miaka miwili, hatari yao ya kisukari ilipungua kwa kiasi cha asilimia 35, na ya presha asilimia 20. Hawa walishakuwa watu wazima kabisa, na sukari ya utotoni bado ilikuwa ikiwadai!

Nimekaa kwenye mizani ya watoto miaka mingi, na mpaka leo naumia nikiona chai mkononi mwa mtoto ambaye hata kutambaa bado. Chai humzuia kufyonza madini ya chuma, na aliyezaliwa mdogo huwa na akiba haba ya madini hayo. Iache kabisa. Uji wa wimbi utie tui la nazi au karanga zilizosagwa laini, na ndizi mbivu au tende iliyopondwa ikitakiwa ladha. Asali usimpe kabla ya mwaka. Mchana mpe changu aliyetolewa miiba yote, mpondee na viazi vitamu. Siku nyingine yai, au mbaazi zilizoiva sana. Na ziwa usimwachishe mpaka atimize miaka miwili.

Kwa mkwe wako, usiende na neno "usimpe". Mwambie, "Mama, mkono wako wa mapishi ndio naomba umkuze huyu," umkabidhi samaki na tui. Anayajua maumivu ya sukari mwilini mwake kuliko mimi na wewe. Hatapenda yamfike mjukuu. Siku ya kliniki mwende pamoja, aone mwenyewe mstari wa uzito kwenye kitabu cha mama na mtoto. Hapo hapo muulize muuguzi kama mtoto anahitaji matone ya madini ya chuma.