Lori linagoma asubuhi, linachemsha mlimani

Juni imeingia na baridi yake, na maswali ya malori yanayogoma yamekuwa mengi. Karibu kila aliyeandika anataka kujua anunue kifaa gani. Ndugu zangu, spea ni ghali, kupima ni bure. Tuanze na kupima.

Fuso langu linalala Ngaramtoni. Asubuhi nikiwasha, stata inagonga "ta!" mara moja, kimya. Fundi anasema ninunue stata. Ni kweli?

Inawezekana, ila usitoe hela bado. Mlio ule mmoja unaonyesha umeme mdogo wa swichi umefika kwenye stata. Ule mkubwa wa kuzungusha injini ndio haukutosha. Mara nyingi shida ni betri au nyaya.

Lori lako la volti 24 lina betri mbili za volti 12. Pima kila moja peke yake kwa mita ya volti asubuhi kabla hujagusa swichi: 12.6 imejaa, 12.0 imekwisha. Kama zote ziko sawa, mwambie tandiboi awashe huku wewe umeweka waya mmoja wa mita hiyo kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, athi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, ni mbovu. Fungua nati ya athi kwenye chesisi na kwenye injini, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

Na redio yako ya volti 12 inachukua umeme wapi? Wengi huiunganisha kwenye betri moja. Hiyo inanyonywa peke yake, lakini altaneta, mashine ya kuchaji, inazichaji zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo moja haijai na mwenzake inazidishiwa. Zitakufa zote. Funga konveta, kifaa cha kushusha volti 24 kwenda 12.

Shikamoo fundi. Canter yangu inazunguka vizuri, inawaka sekunde chache, inazima. Filta ya dizeli ni mpya. Niko Himo.

Marahaba. Hewa imeingia kwenye dizeli, na kwa kuwa filta imebadilishwa juzijuzi, anzia hapo. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, kaza. Ikirudia kesho yake, kagua mpira kati ya tanki na pampu, klipu zake, na sili ya filta. Usitafute mahali panapodondoka: upande huo dizeli inavutwa, kwa hiyo tundu linanyonya hewa bila kutoa hata tone. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, uangalie mapovu yakipita.

Dawa ya kusaidia kuwasha, ile ya kupuliza kwenye njia ya hewa ya injini, usiiguse kama injini yako ina plagi za kupasha moto. Inaweza kulipuka ndani ya manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini.

Napeleka saruji Karatu. Nikipanda mlima wa Mto wa Mbu gari linachemsha, tambarare halina neno. Fundi ameshatoa thamostati, bado.

Irudishe. Thamostati ni mlango wa maji unaofunguka injini ikipata moto, na kwenye injini nyingi ikifunguka huziba pia ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na unaongeza joto ulilotaka kupunguza. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto na inakula dizeli.

Gari linalochemsha kwenye mzigo tu, kwanza naangalia uso wa rejeta. Chungulia kati yake na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo: vumbi, mbegu za majani, wadudu, vimeganda kama mkeka. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kisha mkanda wa feni, kisha mfuniko wa rejeta, ambao watu huudharau. Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa presha ya baa 0.9 unayabana yapite nyuzi 110. Mpira wake ukikatika, maji yanachemka na kumwagika wakati injini haijazidiwa.

Haya yote yakiwa sawa, fungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa, washa, angalia maji. Mapovu yasiyokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Likiwa la moto usifungue kamwe; nimeona uso wa kijana ulivyobabuka.

Taa ya chaji inawaka nikiwa njiani kutoka Moshi. Altaneta imekufa?

Kwa lori la volti 24, pima kwenye betri injini ikiwa inanguruma: kati ya volti 27.5 na 28.5 ni nzima. Chini ya 26, kagua mkanda na brashi. Ikipita 30, katauti, kidhibiti cha chaji, ni mbovu na inaunguza betri. Na ule mtindo wa kuchomoa betri injini ikiwaka ili "kujaribu" altaneta uacheni: umeme unaruka ghafla na kuua dayodi za altaneta zilizokuwa nzima.