Uliza Ujibiwe: Kwa nini wimbo mmoja wa Cairo ulichukua saa nzima?

SWALI: Shikamoo. Mie ni mpenzi wa taarab asilia, niko Tanga. Marehemu babu alikuwa akimuweka Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, anazima taa, anakaa kimya saa nzima, na ni wimbo mmoja tu huo. Naomba unieleze muziki wa Cairo ulitokea wapi na kwa nini nyimbo zake zilikuwa ndefu hivo. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu yako alijua anachokifanya. Wengi wanadhani zile nyimbo zilitungwa ndefu. Kwa sehemu kubwa zilirefushwa na wasikilizaji. Shairi lenyewe ukilisoma kwa mdomo ni dakika chache tu, lakini mwimbaji akishaimba mstari mmoja na watu ukumbini wakapagawa, wakapiga kelele "Allah! Allah!" na kumwomba arudie, basi anarudia, na harudii vilevile, mara anauhamishia kwenye maqam nyingine, yaani mpangilio mwingine wa sauti, mara analivuta neno moja mpaka pumzi zinakuishia wewe uliyekaa, afu anakurudisha taratibu pale mlipoanzia. Hiyo hali inayomshika msikilizaji Waarabu wanaiita tarab, na jina la taarab yetu limetoka humohumo.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo tu. Karne ya 19 kundi la Cairo, wenyewe wanaliita takht, lilikuwa na wapigaji kama watano: udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kwa vidole), nai ya kupuliza, fidla na rika, kile kidufu chenye njuga, na mwimbaji wao mbele. Fundi mkubwa wa wakati huo alikuwa Abdu al-Hamuli, aliyefariki 1901, akiimba kwenye majumba ya Khedive Ismail, mtawala wa Misri. Ismail huyohuyo alijenga jumba la opera mwaka 1869 ili mji ufanane na Ulaya, likafunguliwa kwa opera ya Kiitaliano, na zamani zake hizohizo ndo ikakatwa barabara ya Mohamed Ali kutoka Azbakiyya mpaka kwenye ngome. Barabara hiyo ikajaa mafundi wa udi, wapiga vyombo na waimbaji wa maharusi, ukitaka kundi la kuchezesha harusi ya mwanao ndo unakwenda pale kupatana bei. Jumba la opera liliungua 1971, pakajengwa mahali pa kuegesha magari. Mie nikiulizwa moyo wa muziki wa Cairo ulikuwa wapi, nasema ulikuwa kwenye ile barabara.

Afu akaja Cairo mtunzi na mwimbaji Sayed Darwish kutoka Alexandria, mwaka 1917. Huyu aliwatoa waimbaji kwenye mapenzi ya mapasha, wale mabwana wakubwa, akawaimbisha maisha ya wachukuzi na watu wa kazi za mikono, na Wamisri walipoinuka dhidi ya Waingereza 1919 nyimbo zake zilikuwa midomoni mwa watu barabarani. Alikufa 1923 ana miaka 31 tu, inauma kwa kweli, ila wimbo wa taifa wa Misri wa leo mahadhi yake ni ya kwake.

Sasa rudi kwenye urefu. Sahani ya santuri ya enzi hizo upande mmoja ulibeba dakika tatu nne hivi, kwa hiyo wimbo ulibanwa. Redio ya taifa ilipoanza 1934 ndo ukapumua. Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijijini kwenye delta ya Nile, ambaye baba yake alimvalisha nguo za kiume utotoni ili aweze kuimba mbele za watu, akawa na usiku wake, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, moja kwa moja kutoka ukumbini. Nyimbo mbili tatu tu na usiku unakwisha. Alilelewa kwenye kisomo cha Qur'ani ndo maana kila herufi unaisikia ilipotokea. Nyumbani kwetu kulikuwa na redio ya mbao, sauti yake inakuja na kuondoka kama maji yanavyojaa na kutoka, na baba alikuwa anaweka kiganja juu ya boksi lake kabisa kama vile anaizuia isiondoke.

SWALI: Niko Muscat. Hapa tunabishana, taarab ya Zanzibar ililetwa kutoka Cairo au ni yetu? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Chombo kilitoka Cairo, ulimi ni wetu. Inavyosimuliwa, Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, akampeleka na Mohamed Ibrahim huko kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, ipo mpaka leo, na zamani wakiimba kwa Kiarabu. Mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, ndo aliyeifanya taarab iongee Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Baadaye filamu za Misri zilipoingia na okestra zake kubwa, vilabu vya Unguja navyo vikaongeza mafidla, vikaweka na besi. Ila kule Cairo msikilizaji anapiga kelele, huku kwetu ananyanyuka na kanga yake anakwenda kutunza. Hilo halikuletwa na mtu.

SWALI: Vijana wa Cairo siku hizi wanapiga makelele ya kompyuta. Muziki wa Misri si umeshakufa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Haujafa ndugu yangu. Maneno hayohayo waliambiwa watu miaka ya 1970 alipotokea Ahmed Adaweya, muimbaji wa maharusi kutoka ileile barabara ya Mohamed Ali. Redio ya serikali haikumtaka, ikaonekana maneno yake ya kihuni, lakini kaseti zilikuwa zimeshaingia na kaseti haiombi ruhusa kwa mtu, madereva teksi wakamzungusha mji mzima. Hao wa leo muziki wao unaitwa mahraganat, umeanzia kwenye maharusi ya mitaa kama Madinat al-Salam, sauti zimepitishwa kwenye kompyuta na kusambazwa kwa simu. Februari 2020 chama cha wanamuziki kikawapiga marufuku kupanda jukwaani, na wakaendelea kusikilizwa. Mie binafsi masikio yangu hayajauzoea, ila siwezi kuwanyima vijana haki ya harusi zao.

SWALI: Nianze na wimbo gani? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Al-Atlal, Umm Kulthum, 1966, mashairi ya Ibrahim Nagi, muziki wa Riyad al-Sunbati. Tafuta iliyorekodiwa ukumbini, ile iliyofupishwa iache kabisa. Subiri afike kwenye mstari anaosema nipe uhuru wangu, ifungue mikono yangu, na hapo usikilize ukumbi pia, maana watu wanaanza kupiga kelele kabla hajamaliza.