Asali haimlindi anayeendelea kuvuta sigara

Ndugu yangu uliyeuliza iwapo kulamba asali kila asubuhi kutazilinda mbegu zako za kiume huku ukiendelea kuvuta sigara, mimi na mke wangu tulikuwa tukitafuta mtoto shemeji aliponiletea chupa ya asali mbichi kwa imani hiyohiyo.

Imani hiyo ina chanzo. Mwaka 2011 watafiti wa Malaysia walichapisha matokeo ya jaribio ambalo panya dume walifukizwa moshi wa sigara kila siku kwa wiki 13. Waliopewa pia asali, gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, korodani zao ziliharibika kidogo kuliko za wenzao waliopata moshi peke yake. Moshi huzalisha kemikali kali zinazoshambulia utando wa mbegu, ambao una mafuta mengi yanayoharibika upesi, na kukatakata vinasaba vilivyomo kichwani mwa mbegu, ilhali asali ina flavonoidi, yaani viambata vya asili vya mimea, zinazopunguza ukali huo. Hata hivyo panya si binadamu, na asali haiiondoi mwilini kadmiamu, metali yenye sumu ambayo kila sigara huiongeza.

Nilipopima manii, fundi wa maabara aliniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Mbegu zilikuwapo, lakini nyingi zilitikisa mkia palepale bila kusonga mbele, na picha hiyo ilinigusa kuliko namba zilizoandikwa kwenye cheti. Daktari hakunikataza asali, alinikataza sigara; akanieleza kwamba mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, ndiyo maana kipimo cha marudio hungoja kama miezi mitatu. Niliacha kwa taabu, hasa baada ya chakula, na hapo ndipo asali iliponifaa kweli: kijiko kimoja kwenye maji ya moto kilinipa kitu cha kushika mkononi mpaka hamu ipite. Kipimo cha pili kilionyesha mwendo bora zaidi, na sifa hiyo naipa kuacha sigara.

Ukiwa na kisukari, zungumza na daktari kwanza, kwa sababu takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, na kisukari kisichodhibitiwa nacho huathiri nguvu za kiume na mbegu. Nendeni kupima wote wawili, wewe na mkeo, na usivutie ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi anaouvuta kutoka kwako huweza kupunguza uwezo wake wa kushika mimba.