Maswali na majibu: Kaanze kwa bibi mzaa mama

Msimu wa korosho ukiisha, watu wa Kusini mwa Tanzania husafiri, huozesha, hufanya arobaini, na ndipo maswali ya ukoo huibuka. Nimechagua sita kati ya yaliyonifikia.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mmakua wa Masasi, naishi Dar. Nataka kuandika ukoo wetu. Nimefika kwa babu mzaa baba, nimekwama.

Marahaba mwanangu. Umeanzia upande mgumu. Kwa Wamakua, Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mtoto alikuwa wa upande wa mama yake, na mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba. Karatasi za serikali zinabeba ubini wa baba, kwa hiyo anayezifuata peke yake hupoteza nusu ya watu wake, tena ile nusu iliyokumbukwa vizuri zaidi.

Nenda kwa bibi mzaa mama, au ndugu yake, au mjomba aliyebaki. Usianze na "babu wa babu yetu aliitwa nani?" Uliza, "Nihimo letu ni lipi?" Nihimo ni ukoo wa upande wa mama. Watu wa nihimo moja hawakuoana, na mzee aliyesahau majina mengi bado anakumbuka nani alikatazwa kumuoa nani. Kisha uliza, "Mama yako alizaliwa tumbo moja na nani?"

Swali hilo la tumbo nimeliona likifanya kazi. Nilikaa na mama mmoja wa Chiungutwa akimenya mihogo ya makopa. Nilipomuuliza ukoo wake alisema, "Sijui, wazee wamekwisha." Nilipomuuliza mama yake walizaliwa wangapi, aliweka kisu chini, akachukua maganda, akayapanga mchangani. Hili dada mkubwa, aliolewa Nanyumbu. Hili lilikufa dogo. Hili ndilo mama. Akaongeza safu ya juu yake, na nyingine tena. Maganda kumi na saba. Niliyapiga picha kwa simu pale pale, na jioni nikaandika jina chini ya kila ganda.

Babu yangu ana majina matatu: moja la nyumbani, moja kwenye kadi ya TANU, la tatu kwenye karatasi za shamba la mkonge. Lipi sahihi?

Yote. Kijana akitoka jandoni aliliacha jina la utotoni akapewa jipya. Akisilimu au akibatizwa alipata lingine. Akienda manamba, karani aliandika alivyosikia, na mara nyingi karani hakujua Kimakonde. Usichague moja ukafuta mengine. Andika kila jina na mahali ulipolikuta, kisha tafuta wazee waliokaa naye jando moja, au watoto wao. Rika la jando hujuana kwa majina yote, hata lile ambalo mkewe hakuwahi kulisikia.

Bibi hajui mwaka aliozaliwa. Kitambulisho chake kimekisiwa tu. Nitajuaje?

Mtafutie kwa matukio ambayo mkoa mzima uliyaona. Muulize: mashamba ya karanga ya Waingereza huko Nachingwea yalipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1940, ulikuwa unabebwa mgongoni, unachota maji, au umeshachezwa unyago? Uhuru ulipopatikana, 1961, ulikuwa na mtoto wa ngapi? Kwa mama yake rudi nyuma zaidi: vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, au mapigano ya Waingereza na Wajerumani pale Mahiwa, Oktoba 1917. Utapata mwanya wa miaka mitatu au minne. Andika huo mwanya kama ulivyo, "kati ya 1939 na 1942". Tarehe ya kubuni ikishaingia kwenye daftari la ukoo, wajukuu wataiamini.

Parokiani kuna nini cha kunisaidia?

Daftari la ubatizo na la ndoa. Watawa Wakatoliki wa Kibenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, Nyangao 1896 na Ndanda 1906. Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa wakati wa Majimaji, kwa hiyo usiende ukitarajia kila kitu cha kabla ya 1905. Madaftari ya zamani ni ya Kilatini: Yohana atakuwa Johannes. Mwone paroko kwa adabu, nenda na jina la ubatizo, kijiji na mwaka wa kukisia, na soma pia jina la msimamizi wa ubatizo, kwani huenda akawa ndugu. Kwa mafaili ya utawala wa Wajerumani na Waingereza, kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa yale ya Waingereza ulizia Jimbo la Kusini. Mikoa ya Lindi na Mtwara ni ya baadaye.

Bibi wa mama yangu alikulia misheni ya Masasi. Nikiuliza alitokea wapi, mjomba ananikemea. Niache?

Dada yangu, usiache, ila usimsukume. Mwaka 1876 Askofu wa Kianglikana Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, akitokea Unguja, wakaanzisha makazi. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa, na baadhi yao wakachukuliwa mateka tena. Siwezi kusema bibi yako alikuwa wa uzao wao. Lakini familia nyingi za pwani na bara zilijifunza kunyamaza, maana neno "mtumwa" lilitosha kumnyima mtu shamba au mchumba. Mjomba huenda anakulinda kwa njia aliyofundishwa.

Mpe muda. Kaa naye faragha, usilete swali hilo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Siku akisema, muulize kwanza kama anaruhusu iandikwe. Na mwambie waziwazi kwamba huoni aibu. Aibu ni ya waliouza.

Babu alivuka mto Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji. Tuna lolote la kufuatilia huku?

Mengi. Uliza kwanza alivuka lini: zamani kwa ajili ya mkonge, au baada ya vita vya Msumbiji kuanza mwaka 1964? Waliovuka pamoja mara nyingi walijenga jirani, hivyo majirani wa kwanza wa babu ndio mashahidi wako.

Na kabla hujavuka wewe kwenda Mueda, mwombe mzee mmoja akupeleke mahame, kijiji walichokaa kabla ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba hazipo, lakini miembe ipo, na anayeikumbuka ataelekeza: huu ulikuwa kwa fulani, makaburi yako nyuma yake. Nenda wakati wa kiangazi, majani yakiwa mafupi, na ubebe panga, daftari na maji ya mzee.