Bolti upande gani, dirisha upande gani: jibu kwa mkuu wa Texas

Mkuu, heshima yako. Nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juujuu. Unapiga kwa mkono wa kulia, umeamua kuingia kwenye benchiresti (kupiga shabaha bunduki ikiwa imelala juu ya benchi) na risasi aina ya 6 PPC, na kuna mtu huko kwenu Texas anakuuzia aksheni iliyotumika, yaani kile chuma cha katikati ya bunduki kinachobeba bolti (komeo linalofungia risasi ndani), bolti kushoto, dirisha la kupakia risasi kulia, kwa bei ya kuvutia. Unauliza uichukue, au usubiri ya bolti kulia na dirisha kushoto kama wanazotumia wengi. Waliotangulia wamekuambia chukua tu, mikono itazoea. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Tangu nianze mchezo huu hapa Ohio nimetumia mipangilio mitatu tofauti, na wa kwanza ulinilia misimu miwili mizima.

Kwa wanaopita tu kwenye uzi huu: unakaa kwenye benchi la zege, bunduki imelala juu ya stendi ya mbele na mfuko wa mchanga wa nyuma, unapiga risasi 5 kwenye shabaha moja, yadi 100 au 200, ndani ya dakika 7. Kinachopimwa ni umbali kutoka kitovu hadi kitovu cha yale matundu mawili yaliyoachana kuliko yote. Matundu hayo matano kwa pamoja tunayaita kundi. Mwaka 1973 Mac McMillan alipata kundi la inchi 0.009, na ilibidi ifike 2013 ndipo Mike Stinnett alipolipita kwa 0.0077. Kwa vipimo hivyo, adui mkubwa ni upepo. Njiani mpaka kwenye shabaha tunasimika bendera ndogo zenye mikia, na wengi tunasubiri zitulie mkao mmoja kisha tunamwaga risasi zote tano kabla bendera hazijageuka. Mwepesi anamaliza chini ya nusu dakika. Ndipo suala la pande linapoanza kuuma.

Aksheni yangu ya kwanza ilikuwa bolti kulia, dirisha kulia, kama bunduki ya kuwindia. Niliichukua kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Mkono wa kulia ukawa unafanya kazi zote: kufyatua, kuinua mpini wa bolti, kuvuta bolti, kuachia mpini, kwenda kwenye kibao cha risasi, kurudi na risasi, kuiweka, kushika mpini tena, kusukuma, kufunga, kurudi kwenye triga. Wa kushoto umekaa tu pale kwenye mfuko wa nyuma. Halafu shavu la anayelenga kwa kulia liko upande wa kushoto wa kitako, kwa hiyo dirisha la kulia hulioni mpaka uinue kichwa. Kila ukiinua kichwa, macho yanaacha bendera.

Nakumbuka mashindano moja ya Agosti, yadi 200. Risasi nne zilikuwa zimekaa kwenye tundu moja lenye umbo la yai. Ya tano ikaniteleza vidoleni nikiwa naitafutia njia, nikainamisha kichwa kuiangalia, nikaiweka, nikafunga, nikapiga. Nilipoinua macho, mkia wa bendera ya pili ulikuwa umeshalala upande mwingine. Tundu la tano lilikaa peke yake kushoto, na kundi lile likaharibu wastani wangu wa siku nzima. Nilikuwa na mtutu mzuri na baruti imepimwa vizuri. Nilichokosa ni zile sekunde tatu au nne.

Mzee mmoja wa klabuni aliniona, akanikalisha kwenye benchi lake bila maneno mengi. Ya kwake ilikuwa bolti kulia, dirisha kushoto. Akanionyesha hivi: dole gumba la kulia linakandamiza sehemu ya juu ya kitako nyuma ya bolti, huku kidole cha shahada kinainua mpini, ili bunduki isijipindue. Maana ukiinua mpini wa kulia kwa nguvu tupu, bunduki nzima inataka kulalia kushoto ndani ya mifuko. Bolti inarudi nyuma, na mkono wa kulia hauachi mpini hata kidogo. Wakati huo wa kushoto umeshachukua risasi kutoka kwenye kibao kilichowekwa kushoto, karibu kabisa na dirisha, kimo kilekile, vichwa vyote vikitazama shabaha, hivyo kiganja hakigeuki. Risasi ya PPC ni fupi na nene, unaiachia tu inalala kwenye njia yake. Kulia inasukuma na kufunga. Na jambo ambalo sikulitegemea: jicho langu la kushoto, ambalo halina kazi kwenye darubini, linaliona dirisha pembeni bila kichwa kusogea.

Siku ileile nilijua nitauza ya kwangu.

Lakini ya pili niliyonunua nayo ilikuwa na kasoro. Dirisha lilikuwa kushoto sawa, ila ganda tupu nalo linatokea kushoto humohumo. Mkono unakwenda na risasi mpya, ganda la moto linakuja kwa kasi, vinakutana. Mara mbili ganda liligonga vidole vyangu nikadondosha risasi. Nikatoa kile kijipini chenye springi kinachorusha ganda, nikawa nalitoa kwa mkono. Hapo mwendo ukapungua tena. Ya tatu, ninayotumia mpaka leo, ni bolti kulia, dirisha la kupakia kushoto, na tundu dogo la kulia la kutolea ganda. Ganda linaangukia kulia juu ya taulo, mdomo wake haubonyei, na hilo lina maana kwetu sisi tunaojaza upya maganda yaleyale palepale uwanjani siku nzima. Watakuambia matundu mawili yanapunguza ugumu wa chuma. Ni kweli chuma kinapungua, ndiyo maana watengenezaji wazuri wanafanya tundu la kutolea kuwa dogo, na chini hawakati kabisa kwa kuwa hakuna magazini. Kwa macho yangu sijaona kundi langu likipanuka kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwako. Bolti kushoto, dirisha kulia, kwa mtu wa mkono wa kulia. Wapo wanaoipenda kwa dhati, na sababu yao ina uzito: vidole vyenye ustadi zaidi ndivyo vinavyoshika risasi, na mkono wa kulia unabaki jirani na triga. Tena pini ya kufyatulia ikitoboa fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti), gesi inayotoka dirishani inakwenda mbali na uso wako. Kwa dirisha la kushoto inatokea upande wa uso, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima, usije ukaruka hilo hata siku moja.

Swali la kukuamulia ni hili: wewe unalenga kwa mkono gani? Yaani mkono upi unarekebisha msalaba wa darubini urudi kwenye alama baada ya kila risasi? Kama stendi yako ya mbele ina ile fimbo ndefu ya kusogezea, na unaiendesha kwa kushoto kama wengi wetu, angalia mfuatano. Kwa bolti kulia, kushoto inaweka risasi na papo hapo inarudi kwenye fimbo. Wakati kulia inafunga bolti, kushoto iko tayari inasubiri kumalizia kulenga. Kwa bolti kushoto, mkono unaofunga ndio huohuo unaotakiwa kulenga. Kulia imeshafika kwenye triga, imekaa inangoja. Umepoteza muda mwishoni kabisa, pale upepo unapogeuka. Mkono unaolenga uwe ndio unaopakia. Mimi sikuambiwa na mtu hili, niligundua baada ya kujirekodi kwa simu nikiwa nafanya mazoezi ya kavu, yaani bila risasi za kweli.

Ila kama unapiga kwa kuiachia bunduki irudi yenyewe, bila shavu wala bega kuigusa, kisha unaisukuma mpaka kwenye kizuizi cha stendi na msalaba unakuta umerudi karibu palepale, basi kushoto yako haina kazi kubwa ya kulenga, na aksheni hiyo itakufaa. Mlengaji anayegandamiza shavu itamsumbua, kwa sababu mpini wa kushoto unakuja nyuma upande uleule wa taya.

Kuna mengine mawili madogo. Kitako kinachongwa kufuata pande za aksheni, kwa hiyo usidhani utahamisha kile ulichonacho. Hesabu gharama hiyo juu ya bei anayokutajia. Na darubini: kama ya kwako ina kile kitufe kikubwa cha fokasi ubavuni kushoto, kitakaa juu ya dirisha la kushoto na kugonga vidole. Hilo kwa dirisha la kulia halikuhusu, ila pale utakuwa na kitufe cha upepo, ambacho kwa kawaida ni kidogo.

Aksheni mpya nzuri inavuka dola 1,000 kirahisi, naelewa kwa nini bei ya huyo jamaa inakuvuta. Usimkatalie, wala usimlipe bado. Mwombe nusu saa kwenye benchi. Beba risasi bandia tano ulizotengeneza mwenyewe, ganda na kichwa tu, bila baruti wala fataki, na ziwe na alama ya rangi usije ukazichanganya. Beba stendi yako na mfuko wako wa nyuma, si vya kwake. Hakikisha chemba iko tupu, na bunduki inatazama uwanjani hata kwa mazoezi ya kavu. Pakia na kutoa zote tano, mara nne, macho yako yakiwa kwenye bendera na si kwenye mikono, na mtu mwingine akurekodi kutokea nyuma. Kisha tazama video polepole: kila bolti inapofungwa, mkono wako wa kushoto uko wapi, na msalaba uliuacha wapi. Ukiweza, iweke video hapa tuitazame pamoja kabla hujatoa hela.